Kloshi ya ambreyaji: pikipiki ya zamani na mboga za alfajiri

Kila mama anayeuza mboga hapa Lubumbashi anajua ya kuwa lengalenga haingoji mtu. Ikikatwa jioni kule Kashamata au Kilobelobe, inapaswa kufika soko la Kenya au la Katuba kabla jua halijapanda, la sivyo majani yanalegea na mnunuzi anashusha bei hata kabla hajasalimia. Ndiyo maana kundi letu, kama makundi mengine mengi ya wamama, linategemea pikipiki. Yetu ni Yamaha AG 100 ya zamani, ile yenye kibebeo mbele na kibebeo nyuma, na mnyororo wake umefunikwa na bati ili matope na mchanga visiule. Iliundwa kwa kazi za shamba. Mapadri na wauguzi wa vijijini waliizoea sana, na bado utaiona moja moja kwenye barabara ya Kasenga, imebeba mtu na mifuko miwili ya makala.

Juma hili tunaandika juu ya chombo kimoja tu cha pikipiki hiyo, kinachoitwa na mafundi wetu kloshi, maana yake kengele kwa Kifaransa. Tungeulizwa sisi, tungekiita kikapu, kwa sababu ndivyo kinavyoonekana. Kuna mama mmoja aliyetuuliza kama hii kweli ni habari ya gazeti la jamaa. Tulimjibu: makuta yanayolipa fundi ni yetu, basi habari ni yetu.

Ambreyaji ndiyo inayounganisha nguvu ya mota na magurudumu, na kuitenganisha dereva anapovuta mkono wa kushoto. Ndani yake kuna diski nyembamba zimepangwa kama sahani kabatini. Diski moja ina ngozi ya kushika, inayofuata ni chuma kitupu, tena moja ya kushika, tena ya chuma, mpaka mwisho. Zile za kushika zina masikio pembeni, na masikio hayo yanaingia katika nafasi zilizo kati ya vidole vya kikapu. Zile za chuma zina meno upande wa ndani, nazo zinashika kitovu cha katikati kinachopeleka nguvu kwenye vitesi. Resori zinabana diski zote pamoja. Ukivuta mkono, resori zinaachilia, diski zinateleza na kutengana, mota inazunguka peke yake. Ukiachilia, zinabanana tena na pikipiki inaondoka.

Sasa, kikapu hicho ni cha alumini, na kila mara dereva anapoachilia mkono kwa nguvu, masikio ya diski yanagonga vidole vyake. Siku moja haionekani. Miaka mingi ikipita, kila sikio linachimba mfereji wake mdogo kwenye kidole, kama kamba ya ndoo inavyochimba ukingo wa kisima. Mfereji ukishakuwa na kina, diski hazitelezi tena. Zinanaswa ndani ya mifereji hata mkono ukivutwa mpaka mwisho, na pikipiki inaendelea kusukuma mbele.

Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo mwanzoni mwa kiangazi. Dereva wetu alisema vitesi vinaingia kwa kelele, na akisimama hapati ile hali ya katikati ambapo mota inazunguka bila kuvuta gurudumu. Alikuwa anazima mota kabisa kwenye kila njia panda, kisha anapiga kiki tena. Tulipeleka pikipiki kwa fundi mmoja wa barabarani. Akaweka diski mpya. Juma mbili zikapita, ugonjwa ukarudi. Akaweka diski nyingine, nasi tukalipa tena. Kikapu chenyewe hakukigusa hata mara moja, na mtu akiweka diski mpya katika kikapu chenye mifereji, ni kama kushona kiraka kipya kwenye nguo iliyooza: masikio mapya yanaingia katika mashimo ya zamani.

Kwenye mkutano wetu maneno yakawa marefu. Wengine walitaka tuuze mzee huyo kama chuma na kununua pikipiki mpya ya Kichina au ya Kihindi kwa deni. Wengine walisema deni litakula likelemba ya mwaka mzima, na kwamba watoto watarudi masomo mwezi wa tisa, deni liwepo au lisiwepo. Tuliulizia bei ya kikapu kipya cha asili: ni cha kuagiza mbali, na bei yake ilikuwa sawa na zamu mbili za likelemba yetu, bila kuhesabu safari. Tukakubaliana tutafute kwanza mtu anayeweza kukitengeneza kile kilichopo, na tumtume mama mmoja akae pale pale kuangalia kazi tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mji huu una watu wa namna hiyo kuliko unavyodhani. Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, iliyochukuliwa na serikali mwaka 1967 na baadaye kuwa Gécamines, ilihitaji watu wa kukereza chuma, kusubu, kupima na kuunganisha. Wengi walijifunza kazi katika karakana zake kubwa za Panda, kule Likasi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wamama wa miaka hiyo wanajua hiari hiyo ilikuwa ya namna gani, na hatutaki kufungua kidonda hicho hapa. Lakini ujuzi haukubaki getini. Baadhi ya wazee hao wana mashine ndogo nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, na mmoja wao ndiye aliyepokea pikipiki yetu.

Kwanza hakufungua kitu. Aliangalia waya wa mkono, kwa sababu waya uliolegea unaleta dalili zile zile, na kuukaza hakugharimu franka hata moja. Kwenye mkono panatakiwa mchezo wa milimita 2 au 3 hivi kabla waya haujaanza kuvuta. Wetu ulikuwa sawa. Kisha akawasha mota, akaiacha ipate joto, kwa kuwa mafuta baridi ni mazito na yanaweza kugandisha diski hata katika pikipiki nzima. Akasikiliza. Kulikuwa na mlio wa kugongagonga upande wa kuume. Alipovuta mkono, mlio ukabadilika ukawa mdogo. "Mama," akasema, "kloshi inaongea."

Akamwaga mafuta ya vitesi yakiwa bado na joto. Yalikuwa yanameremeta, na kumeremeta huko kulikuwa alumini ya kikapu chetu. Akafungua kifuniko cha kuume, akalegeza resori kidogo kidogo, moja hapa na nyingine ng'ambo yake, ili zisikunje sahani ya juu. Diski alizitoa na kuzipanga juu ya kitambaa safi kwa utaratibu ule ule zilivyokaa.

Nati ya katikati ndiyo inayoharibu pikipiki nyingi. Inakaza sana, na kitovu kinazunguka pamoja nayo. Fundi asiye na subira anachomeka patasi kati ya vidole na kupiga nyundo. Alumini inavunjika hapo hapo na hakuna tena cha kutengeneza. Mzee wetu alikuwa na chombo alichokitengeneza mwenyewe: diski ya chuma iliyochakaa, imeunganishwa na mpini mrefu. Meno yake yanashika kitovu, mpini unashikwa na mtu wa pili (siku hiyo alikuwa mama mwenzetu), na nati inafunguka bila kuumiza kitu. Kabla ya hapo alinyoosha ile sahani ndogo iliyokunjwa kuifunga nati. Wakati wa kurudisha, alizuia pinyo zisizunguke kwa kipande cha shaba katikati ya meno, kwa kuwa shaba ni laini na haiumi chuma. Hapa Katanga shaba haikosekani. Wazee wetu wa zamani waliisubu kwa umbo la msalaba na kununulia vitu, itashindwaje kuzuia pinyo ya Yamaha?

Kikapu kilipotoka, mama wetu alikishika mwenyewe na kupitisha ukucha juu ya vidole. Ukucha ulinaswa kila mahali. Mzee akapima: mifereji mingi ilikuwa haijafika nusu milimita, miwili au mitatu ilikuwa imefika. Akaeleza ya kwamba nusu milimita ndiyo mpaka wake. Chini ya hapo anasawazisha kwa tupa. Juu ya hapo inabidi kujaza alumini kwa moto wa argoni kisha kuchonga upya, na watu wa kazi hiyo wapo mjini kwa sababu ya migodi, lakini joto linaweza kupinda vidole na kikapu kisizunguke sawa. Yeye alipendelea tupa.

Kazi ya tupa ilichukua karibu siku nzima, na hapo ndipo tulipoelewa tunalipia nini. Alipaka kila kidole masizi ya taa ili aone tupa inagusa wapi. Alichonga kwa mkono mwepesi, tupa imelala sawasawa, upande mmoja kisha mwingine, na kila kidole kwa kiasi kile kile, kwa maana kidole kimoja kikichongwa zaidi ya wenzake, wale wengine ndio watakaobeba kazi yote. Hakuondoa alama zote. Chini ya mfereji aliacha kivuli chembamba, maana kila unachochonga kinapanua nafasi, na nafasi ikiwa pana sana masikio ya diski yanapata mahali pa kukimbilia na kugonga kwa nguvu zaidi.

Ugonjwa wa pili ulikuwa nyuma ya kikapu. Pinyo kubwa inayopokea nguvu ya mota imefungwa kwenye kikapu kwa riveti, na katikati kuna vipande vya mpira vya kupunguza mshtuko. Mipira ilikuwa imekauka, riveti zimelegea, pinyo inacheza mkononi. Alisaga vichwa vya riveti, akazitoa, akakereza nyingine mpya za chuma. Kijana wake alileta mpira wa gurudumu la gari akitaka kukata vipande vipya. Mzee alikataa, akamwonyesha kipande kama hicho alichokiacha katika mkebe wa mafuta: kilikuwa kimevimba na kulainika kama mkate katika chai. Mpira wa ndani ya mota lazima uwe ule unaovumilia mafuta, kama wa pete za pampu. Mtu mwingine angeweka boliti badala ya riveti, kwa sababu ni rahisi. Boliti moja ikifunguka ndani ya mota inayozunguka, mota nzima imekwisha.

Diski mpya zililala ndani ya mafuta usiku kucha kabla ya kuingizwa, maana zikiingia kavu zinaungua siku ya kwanza. Na juu ya mafuta, wamama, tusikilizane: si kila bidoni inafaa. Katika pikipiki ambreyaji inaoga ndani ya mafuta, na baadhi ya mafuta ya gari yana dawa za utelezi zinazofanya diski zishindwe kushika. Tafuteni maandishi JASO MA kwenye bidoni. Kama dereva anasema "mafuta ni mafuta", mwambieni asome.

Sisi tulio walimu tunaona upande mwingine wa jambo hili kila adhuhuri, watoto wakitoka masomo. Vijana wa pikipiki za kubeba watu wanasimama mlangoni, mota inanguruma, mkono umevutwa, na mtoto wa darasa la pili anapita mbele ya gurudumu. Pikipiki yenye kikapu kibovu inaweza kuruka mbele wakati huo huo ingawa dereva ameshika mkono vizuri. Mama anayempa mtoto wake kwa dereva kila siku ana haki ya kuangalia. Pikipiki ikisimama, je, inasukuma mbele na dereva anaizuia kwa breki? Anapotia vitesi ya kwanza, je, inaruka kwa kishindo? Ikiwa hivyo, mtoto asipande mpaka fundi aifungue. Na anayemlipa dereva amkataze mambo yanayoua kikapu upesi: kuachilia mkono ghafla, kubeba mifuko na watu wawili kwa pamoja, kuendesha na mnyororo uliolegea.

Yote kwa pamoja, tupa, riveti, mipira, diski na mafuta, tulilipa chini ya nusu ya zamu moja ya likelemba. Mama mtunza kaye aliandika tarehe, kina cha mifereji na jina la mafuta, na diski za zamani zimewekwa katika mfuko, ili fundi yeyote atakayekuja asituambie amezibadili kama hakuzibadili. Mzee alitwambia wazi kwamba vidole hivyo havitachongwa mara ya pili, vimebaki vyembamba. Kwa hiyo tangu juma lililopita kila safari ya mboga inaacha kiasi kidogo katika mkebe wa pembeni, kwa ajili ya kikapu kipya, na mkebe huo haukopeshwi, hata kwa matanga.