Masharti ya Posho kwa Wasio na Kazi Uingereza

Katika Uingereza, mtu aliyekosa kazi hapewi posho ya serikali kwa sababu ya dhiki yake pekee, bali sharti kwanza akubali ahadi maalumu, ambayo kwayo, akiwa mzima wa afya na hana mtoto mdogo wa kulea, kwa kawaida hutakiwa kutumia saa zipatazo 35 kila juma katika kutafuta kazi, na kuhudhuria mbele ya afisa kila aitwapo, akiwa na ithibati ya juhudi zake. Tangu 2022, muda anaoruhusiwa kutafuta kazi ya fani yake tu umepunguzwa kutoka miezi 3 hadi majuma 4. Baada ya hapo seremala, kwa mfano, hana budi kutafuta hata kazi ya kufagia. Kudai ithibati, kwa rai yangu, si dhuluma. Dhuluma ni kumkatia riziki mtu aliyechelewa miadi kwa udhuru wa haki.

Basi msomaji mwenye jamaa huko na amnasihi ahifadhi nakala za maombi yake yote, na posho ikikatwa, aombe uamuzi utazamwe upya ndani ya mwezi mmoja, kabla ya kukata rufaa.