Je, Wajua? Sello Mjini Doha
Mzazi akaaye Abu Hamour, mtaa wa kusini mwa Doha, atamaniye mwanawe ajifunze sello, ile fidla kubwa ipigwayo kwa kuketi, ikibanwa magotini na ncha yake ya chuma ikikita sakafuni, hana haja ya kusafiri hadi Ulaya. Kwani shirika la Qatar Foundation, baada ya kuasisi okestra ya Qatar Philharmonic mwaka 2007, ilifungua chuo cha muziki huko Katara, kijiji cha utamaduni cha Doha, mwaka 2011, kisomeshacho fani ya Kizungu na ya Kiarabu, na baadhi ya wapigaji wa okestra wamekuwa waalimu wake. Ni tartibu ya busara, kwa rai yangu. Wala ala hiyo si ngeni kwetu: taarabu ya Unguja, iliyofuata mtindo wa Misri, imeiketisha safu moja na ganuni, udi na fidla tangu zamani.