Vijinyuzi vya Plastiki katika Maji ya Kufulia

Shati likichakaa kitambaa chake huwa chepesi, na hatimaye mtu aweza kuona mwanga kupitia kiwikoni. Je, sehemu iliyopungua imekwenda wapi? Haikuyeyuka. Imetoka kidogo kidogo katika umbo la vijinyuzi, na vingi kati ya hivyo vimemwagwa pamoja na maji ya kufulia. Iwapo shati hilo ni la pamba, bakteria wa udongoni na majini huvila vijinyuzi hivyo, navyo huoza. Iwapo ni la poliesta, mambo ni mengine.

Poliesta ya nguo ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia wawili, J. R. Whinfield na J. T. Dickson. Hutengenezwa kutokana na mazao ya petroli, na kwa asili yake ni plastiki ile ile itumikayo katika chupa za maji ya kunywa. Uimara tunaousifu dukani ndio uizuiao kuoza ziwani. Chembe za plastiki zisizozidi milimita 5 huitwa mikroplastiki, na vijinyuzi vya nguo, ambavyo ni vyembamba kuliko unywele, ni sehemu yake.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki zikifuliwa mara moja kwa mashine zaweza kutoa vijinyuzi zaidi ya 700,000. Nguo za poliesta zilikadiriwa kutoa karibu 500,000, na zile za poliesta iliyochanganywa na pamba karibu 138,000.

Msomaji aweza kudhani kwamba haya ni matatizo ya nchi za mashine. La hasha. Mwaka huo huo ilichapishwa taarifa kuhusu sangara na sato walionunuliwa Mwanza. Plastiki ilithibitishwa matumboni mwa samaki 1 katika kila 5 waliochunguzwa, na poliesta ilikuwa miongoni mwa aina zilizotambuliwa. Si kila chembe ilitoka katika nguo, lakini ni dhahiri kwamba njia ya kuingia ziwani ipo.

Ni nini hasa kiving'oacho vijinyuzi? Ni msuguano, yaani nguo kusuguana na nguo na kusukumwa na maji. Katika utafiti wa China uliotolewa mwaka 2023, kitambaa cha poliesta kilichofuliwa kwa mashine kilitoa wastani wa vijinyuzi 23,723, na kilichofuliwa kwa mkono 1,853 tu. Kuloweka kabla ya kufua, kutia sabuni na kusugulia juu ya ubao kuliongeza idadi hiyo, ingawa haikufikia ile ya mashine. Basi mama afuaye kwa karai hutoa vijinyuzi vichache zaidi. Hata hivyo, maji ya mashine mara nyingi hupitia mitambo ya kusafishia majitaka, ambayo hunasa sehemu kubwa ya vijinyuzi. Maji ya karai humwagwa uani au mtaroni, na mvua ikinyesha huelekea mtoni.

Kwa hiyo yafaa tuzingatie mambo manne. Kwanza, tuvae nguo kwa muda mrefu kabla ya kununua nyingine, kwa kuwa nguo mpya hutoa vijinyuzi vingi zaidi inapofuliwa mara za mwanzo. Pili, tufue nguo ichafukapo, wala si kwa mazoea, na tusiisugue kupita kiasi. Tatu, mwenye mashine aijaze ipasavyo, na atumie maji baridi na muda mfupi. Nne, maji yachujwe. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2020, iliagiza kwamba mashine mpya za kufulia ziwe na kichujio. Mwenye karai aweza kumwaga maji yake kupitia kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana. Vijinyuzi vyembamba sana vitapita, ila vingi vitanaswa. Kitambaa hicho kisisuuzwe mtaroni. Kianikwe, kisha utando uliokauka ukwanguliwe na kutupwa pamoja na taka kavu.

Walimu waweza kufanya jaribio hili darasani. Chukueni maji yaliyofuliwa sweta, myachuje kwa karatasi ya kuchujia, kisha mtazame mabaki kwa lenzi au hadubini. Ili kujua sweta ni la nini, mwalimu mwenyewe ashike uzi wake kwa koleo na kuuchoma. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini; poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu.

Mwanafunzi akiyaona mabaki hayo kwa macho yake, ataelewa kwa nini kazi hii yapasa kuanzia kwenye karai. Hapo kitambaa kimoja chatosha kuvinasa vijinyuzi. Vikisha kuenea ziwani, hakuna wavu uwezao kuvikusanya tena.