NAKALA MOJA, MASHINE MAELFU

Debian ni mfumo endeshi, yaani programu kuu iwezeshayo kompyuta kufanya kazi. Ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na hutunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, ambao kila mwaka humchagua kiongozi wao kwa kura.

Siku hizi taasisi nyingi hazinunui kompyuta kubwa, bali hukodi nafasi katika mitambo ya makampuni kama Amazon au Microsoft. Utaratibu huo huitwa wingu. Mpangaji huwasha nakala ya mfumo iliyokwisha kutayarishwa, na kikundi maalumu cha Debian ndicho kitayarishacho nakala hizo.

Kazi hiyo yataka uangalifu, kwani nakala moja huzaa maelfu ya mashine. Ikitoka na neno la siri ndani yake, wapangaji wote watakuwa na ufunguo mmoja, na mwizi akiupata amewapata wote. Kwa hiyo hutolewa bila neno la siri. Mashine iwakapo mara ya kwanza ndipo hupokea ufunguo wa mpangaji wake.

Maelezo ya utayarishaji yako wazi, kama daftari la chama mbele ya wanachama. Basi chama kinachokusudia kukodi mashine kiulize kwanza: nakala hii imetayarishwa na nani, na kazi yake yaweza kukaguliwa?