Wadudu Tunaoishi Nao (3): Mchwa, na kwa nini dawa ya kopo haimalizi kitu

Wiki iliyopita tuliwaacha nyuki mzingani mwao. Leo tunashuka ardhini, kwa mdudu ambaye siasa zetu zimemgeuza tusi: ripoti ya ukaguzi ikitoka, wanaotafuna fedha za halmashauri huitwa mchwa. Tusi hilo halimtendei haki. Mchwa hatafuni kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Anachokikata kwenye kenchi ya nyumba yako hukipeleka kwao, na huko kitapita katika matumbo mengi kabla ya kwisha. Mwenye nyumba asiyelijua hilo hununua kopo la dawa kila mwezi, hupuliza ukutani, huua mchwa mia mbili, kisha analala akidhani kashinda. Kundi la wale wajenzi wa vichuguu vikubwa huweza kufika mchwa milioni moja na zaidi. Huko, vifo mia mbili si msiba hata kidogo.

Tuanze na ukoo wake. Wengi humweka mchwa kapu moja na sisimizi na siafu. Lakini sisimizi ana kiuno kilichobanwa na papasi zenye kiwiko. Mchwa hana kiuno, na papasi zake zimenyooka. Hata wenye mabawa hutofautiana: kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu sawa, ilhali sisimizi mwenye mabawa ana ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Ndugu wa kweli wa mchwa ni mende. Wataalamu walilishuku jambo hilo kwa miongo mingi, kwa kuwa wako mende wa Amerika ya Kaskazini na Asia wanaoishi ndani ya magogo, wakila mbao na kulea watoto wao humo humo. Mwaka 2007 watafiti wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London walichambua vinasaba, na mjadala ukaisha. Kwa lugha tuliyokulia sisi wa Azimio la Arusha, mchwa ni mende aliyekubali ujamaa.

Alikubali kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Mbao ni chakula kigumu mno. Mchwa wa koo za kale humeng'enya mbao kwa msaada wa viumbe wa seli moja wanaoishi tumboni mwao. Katika miaka ya 1920 Mmarekani L. R. Cleveland aliwaua viumbe hao bila kumdhuru mchwa mwenyewe. Mchwa wakaendelea kutafuna mbao kama kawaida, wakafa njaa huku matumbo yamejaa. Tena kila mchwa anapojivua ngozi, utando wa utumbo wa nyuma hutoka pamoja na viumbe hao, naye hulazimika kuomba wengine kwa mwenzake, kwa njia ambayo msomaji aliye mezani atanisamehe: hulamba kinachotoka nyuma ya mwenzake. Mdudu wa namna hii hawezi kuishi mpweke. Kulishana, kulambana na kusafishana ndiyo maisha yake ya kila saa. Jambo hili lishike vizuri, maana tutalihitaji tukifika kwenye dawa.

Kwa nyuki na sisimizi vibarua wote ni wa kike. Kwa mchwa wamo wa kike na wa kiume, na mfalme naye yupo. Dume la nyuki hufa palepale baada ya kumpanda malkia; mfalme wa mchwa hukaa chumba kimoja na mkewe kwa miaka mingi. Safari yao huanza kwa mvua za kwanza, kumbikumbi wanapomiminika kutoka ardhini na kuzunguka taa za barazani. Magharibi mwa Kenya na Uganda hawangoji bahati: watu hufunika kichuguu, hugongagonga vijiti juu yake kama vile mvua inanyesha, na kumbikumbi hutoka moja kwa moja mtegoni. Wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, ni kitoweo ambacho sijaona sababu ya kukionea haya.

Wanaonusurika na kuku, vyura, ndege na vikaango hudondosha mabawa, jike akatangulia na dume likamfuata nyuma yake likimgusa, wakachimba shimo dogo na kujifungia humo. Wengi hufia hapo. Wachache wanaofanikiwa hulea watoto wa kwanza kwa akiba ya miili yao, na baada ya hapo kazi ya malkia inabaki kutaga. Wa jamii ya Makrotamesi, wajenzi wa vile vichuguu virefu vya mbugani, tumbo lake huvimba hadi mwili wake kufikia sentimita kumi hivi, akashindwa kutembea. Makadirio ya kawaida ni mayai elfu kadhaa hadi elfu ishirini na zaidi kwa siku. Chumba chake ni cha udongo mgumu wenye vitundu vidogo: vibarua hupita, yeye hawezi. Mwingereza Henry Smeathman alikieleza chumba hicho mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1781, baada ya kuvunja vichuguu huko Sierra Leone. Msomaji asidhani malkia huyu anatawala. Hatoi amri yoyote. Harufu za mwili wake huwajulisha wengine kwamba yupo, na mengine yote huamuliwa pale kazi inapofanyika.

Wajenzi hawa wa vichuguu hawana wale viumbe wa tumboni. Wao ni wakulima. Kibarua hula nyasi na mbao zilizokauka, huzipitisha tumboni upesi, kisha kinachotoka hukijengea sega lenye vijitundu vingi kama dodoki. Juu ya sega huota uyoga wa aina ya Temitomaisi, ambao hauoti kwingine kokote bila mchwa. Uyoga huo huvunjavunja sehemu ngumu za mbao ambazo mchwa asingeziweza, na sega likiiva huliwa. Kilimo hiki kilianza katika misitu ya Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, wakati binadamu bado hata hajawazwa. Mvua ikikolea uyoga huo huchomoza juu ya kichuguu, na wenyeji huuchuma. Mmoja wa aina hiyo unaopatikana Zambia huwa na kofia inayoweza kufika mita moja upana.

Bustani ya uyoga hutaka joto la nyuzi 30 hivi na unyevu usiobadilika, huku maelfu kwa maelfu ya mchwa na uyoga wenyewe wakipumua humo. Hapo ndipo kichuguu kinapoingia. Mwaka 1961 Martin Lüscher wa Uswisi alieleza kwamba hewa ya moto hupanda katikati na kushuka pembeni. Maelezo hayo yalipendwa sana, na msanifu Mick Pearce aliyachukua alipobuni jengo la Eastgate la Harare, lililofunguliwa mwaka 1996 na ambalo halitegemei viyoyozi vya kawaida. Vipimo vya baadaye, hasa vya Scott Turner huko Namibia, vilionyesha kwamba upepo wa nje ndio unaosukuma na kuvuta hewa ya kichuguu. Jengo linafanya kazi vizuri, ila kichuguu lililokiiga hakifanyi kazi hivyo.

Sasa twende ukutani kwako. Ule mstari wa udongo unaopanda kutoka sakafuni hadi kwenye fremu ya mlango ni barabara yenye paa. Ngozi ya mchwa ni nyembamba, hewa kavu humuua, na sisimizi humwinda. Adui mkubwa zaidi ni sungusungu, wale weusi wanaotoka kwa msafara kwenda kuvamia mchwa na kurudi na mizigo mdomoni. Ndio walioazimwa jina na walinzi wa jadi wa Usukumani na Unyamwezini. Bandua sentimita mbili za barabara hiyo kwa ukucha, usimame utazame. Vibarua hukimbia pande zote mbili. Askari wenye vichwa vyekundu hutokeza na kusimama ukingoni, meno nje. Hawa hawawezi hata kula wenyewe kwa ukubwa wa meno hayo, hulishwa. Baada ya muda anakuja kibarua na chembe ya udongo iliyolowa mate, anaibandika, anaishindilia kwa kutikisa kichwa, anarudi ndani. Anakuja wa pili, anabandika pembeni yake. Hakuna msimamizi. Kesho barabara itakuwa imefungwa.

Kati ya aina takriban 3,000 za mchwa zinazojulikana duniani, zinazotutia hasara ni sehemu ndogo sana. Wengine hula majani makavu, samadi na udongo, na ardhi huwadai shukrani. Huko Laikipia watafiti waligundua kwamba mimea na wadudu hustawi zaidi karibu na vichuguu, na kwamba vichuguu vyenyewe vimepangana kwa nafasi zinazolingana. Kwa hiyo kila kichuguu shambani kuhesabiwa jipu la kutumbuliwa ni uharibifu.

Shambani, mchwa hupenda mgeni. Mtama na ulezi, mimea iliyokulia nao Afrika, huathirika kidogo kuliko mahindi yaliyotoka Amerika. Miche ya mikaratusi ya Australia hushambuliwa vibaya, hasa kiangazi. Mahindi hukatwa chini yakiwa yamekauka yakisubiri kuvunwa, bua linaanguka, na muhindi ukigusa ardhi hatari ya sumukuvu inaongezeka. Dawa ya kwanza hapa ni kalenda: vuna mapema. Ya pili huwashangaza wengi: usisafishe shamba kupita kiasi. Aliyechoma mabua na majani yote amemwachia mchwa chakula kimoja tu, nacho ni zao lake.

Kuchimba malkia ni njia ya wazee na ina mantiki kwa wajenzi wa vichuguu virefu, mradi mchimbaji afike chumbani kweli. Lakini baadhi ya makundi huwa na malkia zaidi ya mmoja, na mengine huweza kupata mrithi. Halafu wapo mchwa waharibifu wasiojenga kichuguu chochote. Viota vyao vimetawanyika chini ya shamba zima. Huko jembe litachimba hadi lichoke.

Kwenye nyumba, ushindi hupatikana au kupotezwa kabla ya kumwaga jamvi. Mafundi wetu wana tabia ya kufukia chini ya sakafu vipande vya mbao, mizizi na mifuko ya saruji, na huo ni mwaliko wa maandishi. Toa vyote. Shindilia kifusi, zege lisiwe na nyufa, mbao zisigusane na udongo, na uache sehemu ya msingi ionekane kwa nje ili barabara yoyote ya udongo ijulikane mapema. Oili chafu ambayo wengi hupaka nguzo hufukuza mchwa kwa muda, ila huchafua ardhi na maji ya kisima. Afadhali nguzo iliyotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, au mti wenye ulinzi wake wa asili kama mvule.

Dawa za kunyunyizia msingi zina historia mbaya. Aldrini na dieldrini zilisifiwa kwa kukaa ardhini miaka mingi, na sifa hiyo hiyo ndiyo iliyozifanya ziingie katika maziwa ya mama na miili ya ndege. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukazipiga marufuku. Klorpirifosi, iliyochukua nafasi yao, nayo iliingizwa katika orodha ya mkataba huo mwaka 2025, pamoja na misamaha kadhaa. Bidhaa isiyo na lebo na namba ya usajili usiinunue, hata muuzaji akiapa.

Dawa zilizo na akili zaidi ni zile zinazoua taratibu na zisizo na harufu ya kumshtua mchwa, kama fipronili na imidaklopridi. Kibarua hupita juu yake bila kujua, hurudi nyumbani, hulambwa, hulisha wenzake, na sumu inasafiri kwa njia ileile inayosafirisha chakula. Kopo la kupuliza hufanya kinyume: huua haraka mno, maiti zinabaki ukutani, na waliobaki wanafungua barabara nyingine nyuma ya kabati. Hata hivyo mchwa si mjinga. Kituo cha icipe cha Nairobi, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimetafiti kuvu wanaoua wadudu, na ikaonekana kwamba mchwa hunusa kuvu hao na kuwaepuka, na kadiri kuvu wanavyokuwa wakali ndivyo mchwa wanavyowakwepa zaidi.

Kuna mmoja ambaye hayo yote hayamgusi: mchwa wa mbao kavu, anayesumbua sana miji ya pwani. Hahitaji udongo wala barabara. Jozi moja ya kumbikumbi huingia katika ufa wa kabati, na kundi zima litaishi humo kwa miaka. Alama yake ni vijipunje vikavu vinavyodondoka sakafuni. Ukiviweka chini ya kioo cha kukuzia utaona kila kimoja kina pande sita. Kunyunyizia msingi kwa ajili yake ni kutupa fedha. Chomeka dawa katika matundu kwa bomba la sindano, ziba nyufa kwa vanishi au rangi, na kama samani imeshakuwa ganda tupu, ichome. Anayenunua kitanda cha mitumba akigonge kwanza mahali pengi, na akiinue kutazama chini ya miguu yake kabla ya kutoa hela.

Wiki ijayo: siafu, na kwa nini wakiingia nyumbani ni heri kutoka na kuwaachia nyumba kwa saa chache.