Kwa nini tunamlilia 'adui' kwenye tamthilia za uhalifu?

Angalizo: Makala hii inafichua yanayotokea kwenye La Casa de Papel, The Wire na Columbo.

Kwenye kibanda umiza, iwe Musoma mjini au Bunda, kanuni inajulikana: steringi hafi, na adui hana huruma. Ndiyo maana watu hushtuka adui anapofanya kitu cha kibinadamu ambacho hakuna aliyekitarajia.

Lakini si kila chozi la jambazi linaaminika. Lipi linatugusa, na lipi linaonekana la kulazimisha? Hii hapa mifano minne.

1. Nairobi na dirisha

La Casa de Papel ni tamthilia ya Hispania iliyoanza 2017. Nairobi, aliyechezwa na Alba Flores, ni jambazi mwerevu na mchapakazi. Mwishoni mwa sehemu ya tatu (2019), polisi wanamleta mwanawe nje ya benki. Kila aliyemo ndani anajua nje kuna walenga shabaha. Nairobi anasogea dirishani amwone mtoto, anapigwa risasi.

Unashangaa, mtu makini vile! Lakini unaamini, kwa sababu ulishaambiwa mapema kwamba alinyang'anywa mtoto huyo.

2. Wallace na hesabu

Kwenye The Wire (2002–2008), kijana muuza unga anayeitwa Wallace anamsaidia mtoto hesabu za shule, za abiria wa basi. Mtoto anakosea. Hesabu ya unga anaipata, kwa sababu huko ukikosea unapigwa.

Tukio limekaa kikweli, na si bahati. David Simon aliyeibuni tamthilia hii alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu Baltimore. Mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi, baadaye mwalimu. Na Wallace? Ni Michael B. Jordan, kabla hajawa staa.

3. Columbo na mvinyo

Katika kipande kimoja cha 1973, mpelelezi Columbo (Peter Falk) anambana muuaji anayependa mvinyo kuliko kitu chochote. Akiwa anampeleka kituoni, anasimamisha gari na kumfungulia chupa nzuri. Wanakunywa. Hajamwachia, safari ya jela iko palepale.

4. Pete ya Shylock

Hili la nne limetangulia televisheni, na lina mkono wa mtu wa Butiama. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri mchezo wa Shakespeare kwa jina Mabepari wa Venisi, kitabu kilichotoka 1969. Shylock ni mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake. Anaposikia binti yake ametoa pete kununua kima, anaumia, maana pete hiyo alipewa na Leah kabla hajaoa. Ghafla, mtu mkatili ana ujana na mapenzi.

Siri ni nini?

Mambo matatu yanajirudia. Kwanza, tendo linatoka kwenye maisha ya mhusika, halidondoki tu. Pili, ni dogo: dirisha, hesabu, chupa, pete. Tatu, halifuti kosa. Nairobi bado ni jambazi, na muuaji wa Columbo bado anakwenda jela.

Nje ya skrini

Mtaani mambo huenda kasi zaidi. Mtu akipigiwa kelele za "mwizi!" stendi ya Bunda au sokoni Musoma, hakuna anayeuliza ana mtoto au katoka wapi. Mawe yanatangulia maswali, na wakati mwingine aliyepigwa siye aliyeiba.

Katiba ya Tanzania, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kumkabidhi kwa polisi si kumsamehe. Columbo naye hakusamehe.

Kama tunaweza kumlilia jambazi wa Hispania kwenye simu, aliyekamatwa hapo mtaani anastahili walau kufika mahakamani akiwa hai.