Kitako cha Risasi: Namna ya Kutambua Risasi za Kale

Neno risasi lina maana mbili katika Kiswahili: madini laini ya kijivu, na kile kinachorushwa na bunduki. Asili yake ni neno la Kiarabu linalotaja madini hayo. Kilingala nacho kina lisasi, wingi masasi, kana kwamba silabi ya kwanza ni kiambishi cha ngeli. Maana ya kwanza ndiyo inayomfaa zaidi mtu aliyeletewa risasi ya kale na kutakiwa aseme ilitoka katika bunduki gani. Hadi miaka ya 1880 karibu kila risasi iliumbwa kwa madini hayo matupu, na ulaini wake ndio uliozaa maumbo ya ajabu.

Tatizo lililowasumbua mafundi lilikuwa moja. Bunduki za kushindilia zilijazwa kwa mdomo, hivyo risasi ilipaswa kuwa nyembamba kidogo ili ishuke upesi. Lakini mtutu uliochongwa mifuo ya kuzunguka hauwezi kuizungusha risasi usipoikamata barabara. Basi iingie ikiwa imelegea, itoke ikiwa imebana. Bunduki ya Brunswick, iliyotumiwa na Waingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1830, ilipewa risasi ya mviringo yenye mshipi kiunoni, na mshipi huo uliingia katika mifuo miwili ya mtutu. Joseph Whitworth alitengeneza risasi ya pande sita zilizosokotwa, sawa na tundu la mtutu wake. Mwenye kuona mojawapo ya hizo hahitaji kuuliza.

Nyingine nyingi hufanana kichwani. Afadhali zigeuzwe na kuangaliwa kitako. Mfaransa Minié, mwaka 1849, aliacha shimo kitakoni akatia kikombe kidogo cha chuma. Baruti ilipowaka, kikombe kilisukumwa mbele na kuzitanua kingo za risasi. Mara nyingine kilipenya hadi nje, kikaacha pete ya risasi imenasa mtutuni. Wamarekani walikiondoa wakabakiza shimo tupu. Waingereza waliweka kizibo cha mti, baadaye cha udongo uliochomwa. Risasi ya Lorenz ya Austria, ya mwaka 1854, haina shimo: ina mifuo yenye kina ubavuni, ili ijikunje na kunenepa inapopigwa na baruti. Yenye kibati cha zinki kitakoni ni ya Williams, iliyotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865), na ilikusudiwa kukwangua masizi ya mtutu.

Katika Kongo ya Mashariki kazi ni ngumu zaidi. Askari wa Force Publique walibeba Albini ya Ubelgiji, mm 11. Ng'ambo ya Tanganyika, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, nayo mm 11, vita vilipoanza mwaka 1914. Risasi zote mbili zina uzito wa karibu g 25. Atakayetegemea mizani peke yake anaweza kuliweka jeshi mahali ambapo halikufika. Ni lazima litafutwe ganda: la Albini lina urefu wa mm 50 na kitu, la Mauser mm 60. Ukoga mweupe usikwanguliwe, maana chini yake ndipo zilipo alama za mifuo, na hesabu yake pamoja na upande zinakoelekea ni ushahidi.

Baruti isiyo na moshi, iliyoletwa na bunduki ya Lebel mwaka 1886, iliongeza mwendo kupita uwezo wa madini laini, ndipo risasi zikavikwa ganda la shaba au chuma. Sumaku ikivuta, kuna chuma. Mwaka 1898 Wafaransa walitoa risasi ya shaba iliyochanganywa na zinki, g 12.8, iliyochongoka mbele na kupungua nyuma kama shetri ya mashua. Hiyo ni risasi isiyo na risasi ndani yake, na lugha haikujali.

Moja inahitaji tahadhari. Risasi ya Buckingham ya Waingereza, ya Vita Kuu ya Kwanza, ilitiwa fosforasi ili kuchoma ndege za gesi za Wajerumani. Hutambulika kwa kitundu ubavuni kilichozibwa kwa lehemu. Haikatwi kwa msumeno, haipashwi moto, wala haiwekwi kabatini pamoja na nyingine.